Nyuzi nilizoshonwa na nyuzi za kukunja goti: maoni yangu kuhusu fizio aliyeanza na kovu

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeinyima kwa sababu ya pazia, nitalielezea huko chini. Kliniki yenyewe ipo Temeke, vyumba vitatu tu ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na jina silitaji maana dada mwenyewe, huyo fizio (mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya viungo), kaniomba nisimtangaze, anasema wagonjwa alionao wanamtosha na mwenye nyumba akisikia kuna foleni kodi inapanda. Nimeheshimu.

Mimi ni fundi cherehani, nawaambia mapema ili mkiona naongelea sana vitambaa msishangae. Mwaka jana mwezi wa nne, masika yale, nilipanda bodaboda kurudi nyumbani, pale lami inapoishia tope linapoanza pikipiki ikateleza nikaangukia goti la kulia. Pia ya goti ikapasuka vipande viwili. Nikafanyiwa oparesheni wakaufunga mfupa kwa pini mbili na waya, halafu wakanishona kuanzia juu ya goti kushuka chini, sentimita 14, nyuzi 22, nilizihesabu siku zinatolewa maana ndo kazi yangu, siwezi kuona mshono nisihesabu. Na mshono wenyewe ulikuwa msafi, wa kunyooka, sina neno na aliyeshona. Baada ya hapo wiki sita mguu umenyooshwa, magongo, mama anapika mimi nakaa kama bibi harusi.

Goti likagoma kukunja.

Sehemu ya kwanza niliyoenda kufanya mazoezi siitaji na msiniulize. Nilienda mara nane. Unafika, unalazwa kitandani, wanakuwekea ile taa nyekundu ya joto dakika 20, halafu anakuja kijana anavuta goti unapiga kelele, unapanda baiskeli isiyoenda popote, unalipa unaondoka. Kuna siku mbili walinifanyia nikiwa na suruali, yaani mtu anatibu goti ambalo hajaliona kabisa, mi mteja akiniletea gauni lirekebishwe lipo ndani ya mfuko halafu nikaanza kukata bila kulitoa si nitaonekana chizi? Ila wakati ule nilijua ndio utaratibu. Siku ya nane nimelala chini ya taa sisikii joto, nikajua taa mbovu, nikamwambia kijana aisogeze karibu, naye akasogeza. Jioni naoga naona lengelenge pembeni ya kovu upande wa nje, ukubwa wa sarafu ya mia mbili, na haliumi. Hilo la kutouma ndilo lililonitisha kuliko lengelenge lenyewe. Sikurudi tena.

Nikakaa mwezi na zaidi nadondokadondoka tu nyumbani, mpaka mteja wangu mmoja akanielekeza huku Temeke. Nimefika mwezi wa tisa, kovu lina miezi mitano.

Sasa ngoja niwaelezee ile siku ya kwanza maana ndio sababu naandika yote haya. Ngazi kwanza. Kliniki ya watu wasioweza kutembea ipo ghorofani na ngazi ni nyembamba, nyuma yako wanapita vijana na mifuko ya saruji. Nilipofika juu natweta nikamwambia, akacheka akasema "dada yangu, ngazi ni sehemu ya dozi". Sikucheka.

"Shikamoo dada." Marahaba. Nikamwita daktari akanirekebisha hapohapo, "mi sio daktari, ni fizio, tusichanganye". Kanipa kanga safi, akaniambia nivue suruali, nikae dirishani. Sio kwenye taa, dirishani, anataka mwanga wa jua. Halafu akavuta kistuli akakaa mbele ya magoti yangu akawa anaangalia tu. Hagusi. Anaangalia la kulia, anaangalia la kushoto, anarudi la kulia. Zikapita kama dakika tano na mi nimeanza kuona aibu, magoti yangu meusi kuliko mimi mwenyewe.

Swali la kwanza halikuwa la ajali. Aliniuliza "hizi chale ulichanjwa lini?" Jamani nilishasahau. Nina chale tatu tatu pembeni ya kila goti, bibi alinichanja Muheza nikiwa na miaka kama 12, nilikuwa naumwa magoti nikitoka shule. Akaandika. Akasema chale kwake ni kama faili la hospitali, mtu anasahau kukwambia aliwahi kuumwa sehemu fulani lakini ngozi inakumbuka, akiona chale kiunoni anajua hicho kiuno hakijaanza kuuma jana, akiona alama za duara za chuku (pembe ya kuumikia) mgongoni anauliza aliumikwa lini na kwa nini ili asije kudhani ni ugonjwa wa ngozi. Mimi nilijua ataanza na kunisema mambo ya waganga, wala.

Swali la pili lilinimaliza: "dada, mkorogo unatumia?" Nikanyamaza. Kweli nilikuwa na krimu fulani nilinunua Kariakoo ya kusugulia magoti na vifundo vya vidole yawe mang'avu, si mnajua tena. Akasema haulizi ili anihukumu, anauliza kwa kuwa nyingi ya zile krimu zina dawa za steroidi, ukipaka muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi na vidonda vinachelewa kupona, sasa yeye akiisugua kwa nguvu au akibandika plasta ya mazoezi halafu akaibandua anaweza kuondoka na ngozi. Nikaacha siku ileile. Magoti yamerudi meusi, sawa tu.

La tatu akaniomba nivue ushungi anione masikio. Nina kinundu nyuma ya sikio la kushoto tangu nilipotoboa tundu la pili. Keloidi. Akaishika, akauliza kwetu nani mwingine anazo, nikamwambia mama kifuani na kaka begani. Hapo ndo akanifundisha tofauti ambayo sikuwahi kuisikia hospitali: kovu lililotuna lakini limebaki ndani ya mipaka ya kidonda ni jambo moja, na keloidi ni jambo lingine, keloidi inavuka mpaka, inaingia kwenye ngozi nzima ambayo haikukatwa kabisa, na sisi watu weusi tunazipata zaidi, hasa masikioni, kifuani, mabegani na mgongo wa juu. La kwangu la goti lilikuwa limetuna upande wa chini ila halijavuka. Lakini kwa kuwa nina ya sikio na ipo kwenye ukoo akasema tutaliangalia kila kikao, likianza kutambaa nje ya mstari atanipeleka kwa daktari wa ngozi nikachomwe sindano, hiyo sio kazi yake. Na kuikata tu keloidi bila tiba nyingine mara nyingi inarudi, tena inaweza kurudi kubwa kuliko ya mwanzo, kaka yangu ni shahidi wa hilo.

Baada ya maswali ndo akanawa mikono akagusa. Mgongo wa kiganja kwanza, kupima joto, huku na huku. Akaniambia vitabu vingi vinasema angalia wekundu, lakini hivyo viliandikwa vikiwaza ngozi nyeupe, kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani hivyo, unaangalia pameiva zaidi, pana kama rangi ya zambarau, panang'aa, na unategemea mkono kuhisi joto. Ndio maana ya dirisha.

Kisha akaanza kulisukuma kovu kwa vidole viwili. Juu, chini, kushoto, kulia. Alianzia juu, ngozi inateleza vizuri tu. Akashuka. Akafika chini ya pia ya goti, kama sentimita tatu hivi, pakagoma. Anasukuma kovu linabaki, ngozi ya pembeni ndo inakunjamana. Akajaribu kubana, kuinua kama unavyobana kitambaa uweke pini, pengine panabanika pale hapabaniki. Akasema "sasa kaza paja, kama unataka kunyoosha goti". Nikakaza. Pale pale kovu likazama ndani, likafanya kishimo kama kitovu. Akachukua simu yangu akapiga picha akanionyesha.

Mi hiyo picha niliielewa kabla hajafungua mdomo. Gauni lenye bitana, fundi mzembe akipitisha cherehani akashika na bitana humo humo, gauni ukiwa umelitundika kwenye hanga linapendeza, mtu akikaa tu linavuta, linakusanya pale, linafanya kishimo. Nikamwambia hivyo. Akapiga makofi, akasema kuanzia leo atawaelezea wagonjwa kwa mfano huo. Ngozi inatakiwa iteleze juu ya mafuta, na vya chini yake viteleze juu ya mfupa, mimi kovu lilikuwa limeshika vyote pamoja kama mshono mmoja, kwa hiyo kila nikitaka kukunja goti navuta ngozi, navuta mshipa, na pia ya goti haishuki. Ila alikuwa mkweli, akasema asinidanganye kwamba shida yote ni kovu, kiungo chenyewe kimekakamaa kwa zile wiki sita na paja limenywea, ila huwezi kuvuta gauni lililoshonwa na bitana ukategemea litanyooka, unatatua kwanza.

Akatoa kile kirula chake cha miguu miwili cha kupimia pembe. Goti la kushoto nyuzi 140. La kulia nyuzi 62. Nyuzi 22 za kushonwa, nyuzi 62 za kukunja, halafu akaniambia kovu lenyewe ndani limejaa nyuzi za kolajeni, ile protini inayoipa ngozi nguvu, ngozi nzima zimesukwa huku na huku kama ukili wa mkeka, kwenye kovu zimelala upande mmoja. Nikamwambia dada leo umeamua kuniua na nyuzi. Halafu akanitajia Langer, mtu wa Austria, mwaka 1861 alikuwa anatoboa matundu ya duara kwenye ngozi za maiti akaona matundu yanageuka marefu kama yai, kila sehemu ya mwili kwa upande wake, maana yake ngozi ina uzi wake kama kitambaa kilivyo na uzi wake. Mshono wa goti unaoshuka wima unakatiza huo uzi, kwa hiyo kila ukikunja unavutwa, ndo maana makovu ya pale huwa yanapanuka. Fundi yeyote anayejua kukata analijua hilo kwenye kitambaa, mi sikuwahi kuwaza kwamba na mimi nina uzi.

Bado hajamaliza. Kipande cha pamba na kijiti cha meno, macho nimefumba, niseme naguswa na nini. Upande wa nje wa kovu nikawa nasema "bado hujanigusa" kumbe ameshanichoma mara nne. Akaleta vichupa viwili vya kioo, kimoja maji ya moto kiasi, kingine ya baridi. Pale pa nje sikutofautisha. Akachora kwa kalamu ya wino eneo lote lisilosikia, likatoka umbo la yai, na lile kovu jipya la lengelenge la taa lipo katikati kabisa kama kiini. Akalitazama, akanitazama, akauliza "walikupima hivi kabla ya kukuwekea joto?" Nikasema hapana. Akatikisa kichwa tu, hakumsema mtu. Akanieleza kuna mshipa mdogo wa fahamu unatoka ndani ya goti unakatiza kwenda nje, ukipasuliwa wima katikati ya goti ni rahisi sana kukatwa, sio uzembe wa mtu, na ganzi inabaki upande wa nje. Ila kabla ya joto lolote, taa au ile pakiti ya moto, lazima ujue mtu anasikia moto na baridi. Vichupa viwili vya maji ya bomba. Hiyo ndo gharama yake.

Mwisho akanipa maksi. Kuna kipimo kinaitwa Vancouver, cha huko Canada, kilianzia kwenye makovu ya kuungua, unaangalia rangi, damu, ulaini na kimo, makovu mabaya kabisa yanafika 13, ngozi ya kawaida ni sifuri. Nikapata 8. Akasema kipimo chenyewe hakiulizi kama linauma wala kuwasha, kwa hiyo anaongezea maswali yake, na ya rangi kwetu anayaangalia kwa jicho pana. Saa moja na dakika ishirini imepita na hajanipa zoezi hata moja! Elfu 40. Nilishuka ngazi nikiwa na hasira kidogo za pesa, nisiwadanganye.

Matibabu yenyewe nitayapitia haraka, hayana maajabu. Kila siku mara tatu nalisugua mwenyewe, dakika tano hadi kumi, dole gumba linabonyeza mpaka kucha yako mwenyewe ipauke, unaburuza ngozi juu chini, kushoto kulia, duara, halafu unabana unainua. Sio kuteleza juu ya ngozi, unaishika unaibeba. Mafuta kidogo sana, maana ukijimwagia vidole vinateleza tu hakuna unachofanya. Nikamuuliza mafuta gani, nikataja yote niliyoambiwa na majirani, nazi, simsim, mbuni, asali, kitunguu, akasema nazi inatosha, kazi yake ni kulainisha tu, hakuna mafuta yanayofuta kovu, na kidonda kiwe kimefunga kabisa, hakuna gaga, hakuna usaha, ndo uanze kusugua. Halafu na hili alilisisitiza mno: ukimaliza tu kusugua unakunja goti hapohapo, unaburuza kisigino sakafuni juu ya kipande cha kitenge mara 20, unashusha na kupandisha pia ya goti kama alivyokuonyesha. Kusugua bila kukunja ni kutatua mshono halafu unaacha gauni kabatini. Aliniambia pia wazi kwamba utafiti wa kusugua makovu sio mwingi kama watu mtandaoni wanavyotangaza, yeye anafanya kwa sababu anaona ngozi inaachia, na anapima kila wiki ili asijidanganye. Hapo ndo nilimwamini, maana anayeuza miujiza hapimi.

Kulikuwa na shida nyingine, sehemu ya juu ya kovu badala ya ganzi ilikuwa inasikia kupita kiasi, kanga ikigusa nasisimka mpaka meno. Dawa yake ikawa kitambaa. Unaanza na laini, ukizoea unaenda kwenye kikavu zaidi. Hapo nilikuwa kwetu kabisa, nina gunia zima la vipande. Wiki ya kwanza satini, ya pili pamba ya kanga, nikaenda kitenge, taulo, nikamalizia na jinzi. Mwezi mmoja na nusu. Sa hivi navaa chochote.

Karatasi ya silikoni ndo sina hamu nayo. Ni kama plasta ya mpira inayonata, unaikata saizi ya kovu, unatakiwa ukae nayo saa 12 na zaidi kwa siku, miezi miwili mitatu, unaiosha kwa sabuni inakauka unaivaa tena. Inafanya kazi, upande wa chini umeshuka kweli. Ila hawa waliotengeneza hawajawahi kukaa Dar mwezi wa pili. Jasho linakaa chini yake, ngozi inalowa inakuwa nyeupe kama vidole vya kufulia, nikatokwa na vipele. Akaniambia niivue, nikae siku tatu, nianze tena usiku tu feni ikiwa inanipuliza. Karatasi moja elfu 35, nilitumia mbili. Na juani nifunike goti, kovu jipya likipigwa jua linakoza, hilo kwangu halikuwa tatizo, dera linatosha.

Pale kwenye benchi la kusubiria nako ni shule. Kuna mama anamleta mtoto wake wa miaka mitatu aliyemwagikiwa uji, kuanzia bega mpaka chini ya kiwiko. Mtoto anapenda kukunja mkono maana akikunja haumi, na mama alikuwa anamwacha, huruma. Fizio akamwambia mbele yetu wote, "mama, pale anapopata raha ndipo mkono utakapogandia", akamtengenezea kibao cha plastiki cha kumfunga usiku mkono ukiwa umenyooka. Yule mtoto akituona anatuonyesha kibao chake kama saa mpya. Kuna dada mwingine analalamika kiuno tangu azae kwa oparesheni, naye aliulizwa kuhusu mshono wa tumbo na hajawahi kuushika hata siku moja tangu mtoto azaliwe, mtoto ana miaka miwili, anaoga anauruka. Aliposhikwa kwa mara ya kwanza alilia na wala haukuwa unauma. Na kuna baba mmoja Mkenya, tulimjua kwa kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, wao wanachanjwa mkono wa kushoto chini ya kiwiko sisi bega la kulia, tukabishana hapo nani kachanjwa kwa ustaarabu zaidi mpaka zamu yangu ikafika.

Sasa lawama. Pazia. Chumba cha matibabu kina vitanda viwili na kati yake kuna pazia moja fupi, halifiki mwisho, upande wa mlangoni panabaki wazi kama nusu mita. Mtu ambaye kazi yake yote inaanza kwa kukuvua nguo akutazame ngozi anatakiwa awe na pazia linalofunga. Mara mbili nimekaa pale na kanga yangu mlango unafunguliwa anaingia kijana na risiti za maji. Nilimwambia, akasema atashona jingine. Nikamwambia mi ni fundi, leta vipimo. Mpaka vikao vinaisha hajaleta vipimo! Lawama ya pili ni yule msaidizi wake wa kiume, ni mpole ila anakusugua huku anaangalia mpira kwenye simu, na kovu sio la kusugua kwa kukisia. Nilisema, siku iliyofuata simu haikuonekana. Ya tatu, hapokei bima, ni keshi au simu. Na saa za miadi ni za Kiswahili za kweli, ukiambiwa saa nne ujue saa tano kasoro, kwa sababu kila mgonjwa mpya anamtazama dakika tano dirishani na hawezi kujizuia.

Hesabu: siku ya kwanza elfu 40, vikao 13 vilivyofuata elfu 25 kila kimoja, silikoni mbili elfu 70, jumla laki nne na thelathini na tano ndani ya miezi minne. Sio kidogo. Lakini zile mara nane za taa nyekundu nazo zilikuwa hela, na nilinunua lengelenge.

Matokeo niyaseme kama yalivyo. Kutoka nyuzi 62 nimefika 118. Wiki ya nne nilianza kukanyaga pedeli ya cherehani bila kukaa upande. Wiki ya saba nikapanda daladala kwa mguu wa kulia kama watu. Mwezi wa tatu wa matibabu nilikaa kwenye mbuzi nikakuna nazi mbili, mama akatoka jikoni akasimama mlangoni ananiangalia hasemi kitu, nikamwambia lete na ya tatu. Kovu limeshuka kutoka 8 mpaka 4, kile kishimo bado kipo nikikaza sana paja ila hakishiki, kinateleza. Lipo, linaonekana, halitaondoka, na ameniambia kovu hata likikomaa vizuri nguvu yake ni kama asilimia 80 ya ngozi ya mwanzo, na linaendelea kubadilika mwaka mpaka miwili. Ganzi ya nje imepungua ukubwa, yai limekuwa korosho. Tahiyatu bado naswali kwenye kiti. Nyuzi 118 hazitoshi kukalia mguu, nimejaribu sebuleni peke yangu mara mbili nikaishia kumwita mtoto aje aniinue. Fizio amesema tukutane tena mwezi wa tatu apime, hajaniahidi.

Anafungua saa mbili asubuhi Jumatatu mpaka Jumamosi, ila Jumamosi ndo kuna utulivu, duka la chini halipokei saruji. Nenda umevaa kitu kinachopanda juu kwa urahisi, usijipake mafuta asubuhi hiyo, usifiche chale wala mkorogo maana ataviona tu, na ukiingia chagua kitanda cha ukutani, pazia linafika huko.